Ukuta Uliosuguliwa kwa Heshima ya Wageni

...na mtu gani mwenye akili zake timamu angeuacha ukuta mchafu siku anayokuja profesa, hebu ajitokeze hata mmoja, anyooshe mkono, Bingwa alikuwa akijiuliza kimoyomoyo huku kaikamata ngazi kwa mikono miwili, mguu mmoja kaubana kwenye kipago cha chini isije ikateleza, na juu yake, kipago cha nne, viatu vya mpwa wake vinamdondoshea vumbi la chokaa machoni, mpwa wake, binti wa dada yake tumbo moja, aliyemlea humu humu kwenye kituo cha maji tangu hana meno ya mbele, leo kawa msomi, anaelekea kuitwa daktari, daktari wa nini ukiuliza, daktari wa magamba, haya haya madoa ya kijivu yanayoota kwenye mawe na lipu kuukuu, yaani mtu anasoma miaka mitatu usiku na mchana habari za doa, na Bingwa anayemaliza madoa kwa brashi ya waya tangu dunia haijakauka hakuna aliyewahi kumwita hata kwenye kikao... Bingwa, jina alijipa mwenyewe, watu wakalizoea, kwani jina si ni kulitamka kila siku mpaka wachoke kubisha, na yeye ndiye mtunzaji wa kituo hiki, mlinzi, mfagizi, mpaka rangi, mtu wa kuipiga teke pampu ikigoma, miaka kumi na tisa, ukihesabu vizuri thelathini, na pampu yenyewe hii hapa nyuma ya ukuta, du-du-du-du, inakula maneno ya watu nusu nusu, juu mpwa wake anasema kitu, "...hata chembe, Profesa, hata kwenye nyufa..." na Profesa anajibu, "...taratibu, sogea kushoto kidogo..." Profesa mwenyewe mama mfupi, mabuti ya mpira, kofia pana kama sinia, kakalia ndoo iliyopinduliwa, daftari gotini, hacheki, hanuni, anaandika tu, na mlangoni mke wa Bingwa kakunja mikono, kajiegemeza, anaangalia yote kama mtu aliyelipa kiingilio.

Ilikuwa hivi, na Bingwa hata mbele ya hakimu angesema hivi hivi, mpwa alipiga simu wiki iliyopita, "Mjomba, tunakuja na Profesa wangu, tunataka kuuona ukuta wa nyuma," basi, ndivyo alivyosema, kuuona, na simu ikakatika kama kawaida ya simu ya pale, sasa mtu akikwambia anakuja kukuona, hunawi uso, huchani nywele, unakaa tu na tongotongo unamsubiri, ukuta wa nyuma miaka yote hiyo hakuna aliyeutazama, uko kivulini, jua haliujui, bomba kubwa linauvujia mchana kutwa, umeota magamba tele, ya kijivu yenye ukingo wa rangi ya chungwa, Bingwa alivyomwelezea jirani yalikuwa makubwa kama sahani, ingawa kusema kweli... kusema kweli kifungo cha shati, basi, kifungo cha shati kikubwa, na jana asubuhi akachanganya maji ya magadi, akachukua brashi ya waya, akaushambulia ukuta kama una deni la damu, mkewe akatoka akasema, "Baba, umemuuliza mtoto wanautakia nini huo ukuta?" akamjibu, "Profesa anakuja kuona ukuta, mke wangu, unataka aone ukoma?" na jioni ukuta ukawa mweupe pee, unaweza kuusomea gazeti, na leo gari liliposimama Bingwa hakungoja hata salamu, akawatangulia, akawazungusha nyuma, akatandaza mikono kama anayefunua pazia, "Karibuni! Ukuta wenu huu hapa, unang'aa!"... na uso wa mpwa wake, we, uso ule, alishawahi kuuona mara moja tu, mtoto huyu alipokuwa na miaka tisa akaangusha mtungi, ukawa unaanguka na yeye anautazama tu unavyoanguka.

Hakupiga kelele, afadhali angepiga, alisema tu, "Mjomba, umeusugua," na Bingwa, kwa kuwa kinywa chake hakijawahi kukaa kikiwa wazi bila kazi, akadakia, "Wote! Chini mpaka juu, brashi tatu zimeisha meno," brashi ilikuwa moja na meno yake yapo, na Profesa, bila hata kukunja uso, akafungua daftari akaandika, brashi tatu, akauliza, "Ulitumia dawa gani?" magadi, akaandika, magadi, "Na kule juu ya mkanda?" maana katikati ya ukuta, juu huko, kuna mkanda wa zege uliochomoza kama rafu, na juu ya mkanda mpaka kwenye paa kuna kipande cha ukuta ambacho ukiwa chini hukioni ng'o, labda uwe ndege, "Juu ya mkanda nako uliosha?" na hapo ndipo, ndipo hasa, Bingwa akakipiga kifua akasema, "Huko ndiko nilikoanzia!"... Du-du-du-du. Akaandika.

Sasa neno likishaandikwa unalichukuaje, la mdomoni Bingwa anayajua maneno yake, unalisema asubuhi, mchana unaliongeza nyama, jioni linasimama na miguu yake lenyewe, kesho mtu mwingine anakusimulia kama lake, hakuna ubaya, watu wanacheka, siku inakwenda, lakini la kwenye daftari linakaa pale pale, linakutazama, na hakujua, Mungu wake shahidi, hakujua kwamba hawakuja kuona ukuta, walikuja kuona magamba, ndiyo yaliyokuwa wageni rasmi na huo ukuta ulikuwa kiti tu walichokalia, alielezwa baadaye, mpwa kashaanza kupanda ngazi kutafuta mabaki, Profesa akamweleza polepole kama anamfunga mtoto kamba za viatu, "Haya si madoa, ndugu yangu, wala si uchafu, yanaitwa kuvumwani, ni viumbe wawili ndani ya mwili mmoja, kuvu na mwani, kuvu anashika ukuta na kutunza unyevu, mwani ndani yake anatengeneza chakula kwa mwanga," na mkewe pale mlangoni akasema, "Kumbe kama nyumba hii. Mmoja kashikilia ukuta, mwingine anapika," na Profesa akacheka kwa mara ya kwanza, kicheko kizito, cha tumboni, hata kofia ikatikisika, na Bingwa akacheka zaidi kuliko wote ili ionekane aliyetaniwa si yeye.

Halafu kicheko kikaisha, Profesa akaendelea, kuvumwani ziko za kila namna, alisema, lakini hizi ni ukoo mdogo, jina lake alilitamka, refu, lilipita kama treni ya mizigo, Bingwa aliona behewa la mwisho tu, ukoo wenye aina mbili basi, hautaki jua, hautaki upepo, hautaki saruji, unataka lipu ya chokaa ya zamani na unyevu usiokatika, na unataka kuachwa, hapo aliinua kidole, "unataka kuachwa," moja ilipatikana kwenye shimo la machimbo ya mawe, machimbo yakapigwa baruti, ikabaki ya hapa, iliyokumbukwa na mpwa wake tangu utotoni, "na inakua upana wa ukucha kwa miaka kumi," alisema, Bingwa akaanza kupiga hesabu ya vifungo vya shati, kifungo kimoja ukucha mmoja na zaidi, akafika miaka kumi na tano, ishirini, akaacha, maana alikumbuka jinsi jana alivyokuwa anaimba, alikuwa anaimba, jamani, anasugua na kuimba, kila mkong'oto wa brashi umri wa ndoa yake unadondoka kwenye ndoo... "Hili bomba linavuja tangu lini?" Profesa aliuliza, tangu zamani, "Basi uvujaji huu ndio ulioyalea," na ulimi wa Bingwa ukaruka peke yake, "Ndiyo maana nimeuacha! Makusudi kabisa!" mtu aliyeandikiwa barua nne alizibe bomba lile na akazibia barua dirisha, mpwa wake kule juu akamtazama, wala si kwa hasira, kwa uchovu, akasema chini chini, lakini safari hii hata pampu haikuweza kumla maneno, "Mjomba, anaandika."

Anaandika. Basi ndiyo hii sasa inayomzunguka kichwani kama nzi ndani ya kikombe, mikono kwenye ngazi, vumbi machoni, kwa sababu juu ya mkanda hakufika... hakufika, jana hakufika, na hili halijui mtu, hata ukuta hauna uhakika, alipanda kipago cha kwanza, cha pili, anaimba, cha tatu, cha nne, cha tano wimbo ukapungua, cha sita akainua kichwa kuvuka mkanda, brashi mkononi, na magoti yakageuka uji, yaliyeyuka tu, upepo hakuna, ngazi imetulia, lakini ardhi chini ikawa inavuta pumzi, inakuja inarudi, akalikumbatia bomba, akafumba macho, akaita jina la mama yake marehemu, halafu akafumbua jicho moja, moja tu, na mbele ya pua yake, umbali wa kulamba, juu ya mkanda, yalikuwa yamejaa, magamba, yamebanana kama wanafunzi foleni ya uji, ukingo wa chungwa kila moja, maji ya bomba yanayapita yakimetameta, akayatazama, nayo kama yakamtazama, akasema moyoni nyie mna bahati, akashuka, na hakushuka kama mtu anavyoshuka ngazi, alishuka kwa makalio, kipago kwa kipago, nundu, nundu, nundu, akafika chini, akajipangusa, akaingia ndani akamwambia mkewe, "Nimemaliza mpaka kwenye paa, hata popo wamehama."

Kwa hiyo yapo. Hapo juu. Hatua mbili kutoka kwenye viatu hivi, na mpwa wake anakwangua nyufa za chini kwa kile kioo chake kidogo cha kukuzia, anatafuta makombo wakati sahani imejaa kichwani kwake, na hatapanda zaidi kwa sababu Profesa kamwambia asipande ngazi mbovu bure, juu kumeoshwa, mtunzaji kasema, iko hapa kwenye daftari, na saa sita gari linaondoka, na Profesa keshasema, si kwa ubaya, kwa sauti ile ile ya kufunga kamba za viatu, "Tusipopata leo, mwanangu, itabidi tukutafutie somo jingine," somo jingine, miaka mitatu inakunjwa kama mkeka, na yeye anachotakiwa ni kufungua mdomo, yeye, ambaye kufungua mdomo ndiyo kazi yake ya pili baada ya pampu, aseme sikufika kule, basi, maneno mawili, mepesi kuliko ndoo tupu... lakini mkewe yuko mlangoni, na mkewe alimpata kwa nini, kwa mnara, ule mnara wa tangi pale uani, alimsimulia enzi hizo anamchumbia kwamba aliupanda mpaka juu na taa mdomoni, mkono mmoja, dhoruba, kubadilisha balbu ya kuzuia ndege zisigonge, na balbu ile kweli ilibadilishwa, na fundi umeme wa mjini, Bingwa alikuwa chini anashika ngazi, anashika vizuri sana, kama sasa, hakuna mtu anayeshika ngazi kumzidi, hilo si la kuongeza chumvi, hilo ni la kweli.

Au aseme hivi, subiri kwanza, mbona liko zuri, aseme, "Ah! Nimekumbuka! Kule juu niliyaacha makusudi, nilihisi, damu iliniambia, Bingwa, bakiza mbegu," we, limekaa kama limeshonwa kwa fundi, linamwokoa mtoto, linamwokoa yeye, mkewe atatikisa kichwa kwa fahari, Profesa ataandika, mtunzaji kwa hekima yake alibakiza, daftari litasafiri, litasomwa na maprofesa wenzake, makofia matupu, watauliza nani huyu, wataambiwa Bingwa, na kinywa kilishaanza kufunguka, hewa imeshaingia kifuani, ulimi umeshanyanyuka... na hapo hapo, sijui kutoka wapi, kikaja kifungo, si cha magamba, cha sare ya shule, kifungo cheupe kilichong'oka na uzi wake, kiganjani kwa mtoto wa miaka tisa aliyesimama hapa hapa kwenye ukuta huu huu ambako alizoea kukaa akifanya hesabu za shule, mdomo umevimba, jicho moja limeziba, "Mjomba, nimepigana," na nani, na darasa, darasa zima, kwa nini, "nimewaambia umepanda mnara na taa mdomoni, wakasema mjomba wako muongo, wakacheka, wakaimba, nikapigana nao," kisha akaliinua lile jicho moja lisilovimba akauliza, "Ni kweli, si ndiyo, Mjomba?" na yeye alifanya nini, alimfuta damu, alimpa maji, akasema, "Kweli kabisa, tena siku ile sikutumia mkono hata mmoja," na mtoto akaamini, akarudi kesho yake shuleni na mnara mrefu zaidi, akapigwa tena, na hakulia, na ili yeye Bingwa asilie, akamwonyesha madoa ya ukutani, akamwambia tazama, hizi ni ramani za nchi ambazo hazijagunduliwa, chagua yako, akachagua moja, akaipa jina, akaizunguka kwa kidole kila siku baada ya shule... na kumbe hakuacha, kumbe amezunguka nayo mpaka huko alikofika, leo asubuhi Profesa kasema, "Mpwa wako ananiambia wewe ndiye uliyemwonyesha kwanza," na yeye alivimba kama mkate, hakufikiri, sasa anafikiri, kwamba daftari lile likishageuzwa kitabu cha udaktari, mbele litakuwa na jina la nani, si la Bingwa, la mtoto, kila kilichoandikwa humo kitasimama na jina lake, brashi tatu, bomba la makusudi, damu iliyoongea, na siku moja watu waliosoma, darasa zima la watu wazima wenye miwani, watakuja kuutazama ukuta, watapima, watahesabu, watauliza nani alisema, na mtoto atasimama mbele yao peke yake, na atapigana, kwa sababu ndivyo alivyo, atapigana kwa ajili ya mjomba wake mpaka kifungo cha mwisho, na hatamuuliza tena kama ni kweli, na hilo la kutomuuliza, hilo... ndilo lililoufumba tena ule mdomo.

"Nashuka, Profesa," mpwa alisema kule juu, sauti imekauka, "hakuna kitu," na kiatu kimoja kikaachia kipago kikatafuta cha chini, Bingwa akakishika kile kiatu, akakishika kwa mkono mzima kama mtu anayezuia mlango usifungwe, kikabaki hewani, "Mjomba, niache nishuke," hakuacha, na moyo wake ulikuwa unapiga kuliko pampu, yaani pampu inapiga du-du na wenyewe unapiga dudududu, na cha ajabu, alipokaribia kusema alianza kusikia raha fulani, kama mtu aliyebeba gunia njia nzima akaona kumbe hapa panawezekana kutua, kicheko kikawa kinampanda, mbele ya mkewe, mbele ya Profesa, liwalo na liwe, watamcheka, wacheke, si atacheka nao, ameshachekwa kwa mambo makubwa zaidi ya hili, ameshachekwa kwa... hapana, usianze, sema tu, "Mama, usishuke," akasema, "juu ya mkanda sikufika. Nilipanda vipago sita, magoti yakaisha nguvu, nikaogopa. Nilishuka kwa makalio. Yapo huko juu, niliyaona kwa macho yangu."

Pampu, du-du-du-du, ilikula karibu yote. "Umesemaje, Mjomba?" kutoka juu, kiatu bado kimo mkononi mwake. Mlangoni mkewe alikuwa amekunjua mikono, kainamisha shingo kama anayesikiliza mlango wa jirani, na Profesa aliinua kalamu, akasema, "Rudia, tafadhali, niandike," na hapo Bingwa akayaona yote yamejipanga yanamsubiri, vipago kumi na sita, upepo wa kung'oa bati, nyoka kwenye bomba, si angalau nyoka mmoja, mdogo, nani atabisha, akaibana ngazi sawasawa, akapandisha sauti ishinde pampu, "Vipago sita! Magoti yakaisha nguvu, nikaogopa, nikashuka kwa makalio!" na neno likatoka hivyo hivyo, mara ya pili, na halikuwa limekua hata upana wa ukucha.